Benchi la Akina Chellamma

Wiki mbili kabla ya Onam, sikukuu ya mavuno, Chellamma aliacha kula samaki. Alisema amefunga kwa ajili ya mungu wa kike wa hekalu la nyuma ya soko, na Rejani, mkaza mwana wake, akamwamini bila kuinua macho kwenye kompyuta. Wawili hao ndio waliobaki katika nyumba ile tangu Prakashan alipofariki. Mmoja alikuwa amemzaa, mwingine aliolewa naye, na hapakuwa na kingine cha kuwaunganisha isipokuwa jiko moja na kisima kimoja. Asubuhi walisalimiana. Jioni waliulizana kama mlango umefungwa.

Rejani alifanya kazi hapo hapo nyumbani, katika chumba kilichokuwa cha mumewe. Kampuni aliyoiandikia programu ndiyo iliyotunza orodha ya wanachama wa mfuko wa pensheni wa wabanguaji korosho wa mji wa Kollam, akina mama waliozeeka wakivunja maganda viwandani hadi vidole vikaungua kwa mafuta yake. Chellamma alikuwa mmoja wao. Kila mwezi programu ya Rejani ilipita kwenye orodha ile, ikatuma pensheni benki, na jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa mezani. Mmoja alilipa, mwingine alilipwa, basi.

Asubuhi moja, sikukuu ikiwa imekaribia, jirani yao Omana alichomoza kichwa juu ya ukuta, sari yake ikiwa bado na mkunjo wa dukani.

"Chellamma! Shoga yangu! Bado hujatoka kwenda sokoni? Mimi mwenzio pensheni ya sikukuu imeingia tangu juzi, ndizi za kukaanga nimejaza karai zima. Njoo uonje basi, au nawe siku hizi umekuwa mtakatifu?"

"Nimefunga," Chellamma alijibu.

"Funga, lakini usitufungie na sisi. Wajukuu zangu wanauliza, bibi wa kule mwaka huu atatupa nguo gani?"

Chellamma alicheka kidogo, akajitia kuchota maji kwenye ndoo iliyokwishajaa. Rejani, aliyesikia yote kupitia dirisha, aliona ajabu. Kwa desturi yao mkubwa wa nyumba ndiye anayegawa nguo mpya za Onam, na katika nyumba hii mkubwa alikuwa Chellamma. Hakukubali hata mara moja nguo hizo zinunuliwe kwa pesa ya mtu mwingine. Hata mwaka ule wa msiba, uso umemvimba kwa kulia, alimletea Rejani sari nyeupe yenye mstari wa dhahabu akamwambia, vaa, aliyekufa si wewe.

"Mama," Rejani aliita kutoka chumbani, "hujaenda kuchukua za Onam?"

"Hazijaingia."

"Zimeingia. Zimetoka hapa juzi."

"Wameingiziwa wenzangu. Mimi na mwezi uliopita pia sikupata. Labda mtandao."

Ndipo Rejani akasema lile ambalo baadaye angetoa chochote alirudishe mdomoni. "Haiwezekani, mama. Programu ni yangu. Nimeiona imemaliza na hesabu imefunga. Hakuna aliyebaki hata mmoja."

Chellamma aliweka ndoo chini. "Basi nimezila," alisema, akaingia jikoni.

*

Mchana wake alikuja Sobha, binti wa marehemu mdogo wake Chellamma, kwa bajaji iliyojaa mashada ya maua ya kuuza sikukuu. Alikaa Punalur na alikuwa na mdomo. Hakuvua hata viatu vizuri.

"Wifi yangu wa kompyuta, hujambo? Naona macho yamekuwa mekundu. Pesa za watu zinakuchosha, eh?"

"Karibu, wifi. Kaa nikuletee chai."

"Chai yako nitakunywa, lakini kwanza nijibu. Mjini wanasema pensheni ya wilaya nzima inatokea kwenye chumba hiki. Sasa wewe unalisha wilaya, halafu wa ndani mwako unamwacha anasingizia mfungo? Mama mkubwa nimembana kwa simu mpaka kasema, anakula wali mtupu na chumvi! Kweli wifi? Amekukosea nini mpaka umfute?"

"Sijamfuta mtu."

"Basi amejifuta mwenyewe. Maana kompyuta anaijua sana, si ndiyo?"

Rejani alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache wakikasirika hutoa neno bovu kuliko yote waliyo nayo. "Kesho nakwenda benki mwenyewe," alisema. "Nitaleta karatasi inayoonyesha pesa imeingia. Halafu tutajua nani mwongo hapa."

Chellamma alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Aliiweka juu ya kiti, polepole, kikombe kisimwagike.

"Sobha," alisema, "Onam ya mwaka huu nitaila kwako. Njoo unichukue kesho jioni."

"Onam tu, mama mkubwa, au na baada ya Onam?"

"Tutaona."

Rejani alirudi kwenye kompyuta. Alisoma mstari ule ule mara nyingi bila kuuelewa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliifikiria nyumba ile bila kikohozi cha yule mama asubuhi, na akaogopa. Alijiambia karatasi ya benki itamaliza kila kitu. Akiiona kwa macho yake, mama atakumbuka mahali alipoziweka, atacheka, atabaki.

*

Benki ya ushirika ilikuwa imejaa hadi barazani. Watu walitaka pesa ya sikukuu kabla milango haijafungwa kwa mapumziko, na feni moja tu ndiyo iliyozunguka. Karani wa dirisha la malalamiko aliitwa Sasi, kijana mcheshi aliyedhani ucheshi unaweza kuchukua nafasi ya majibu. Kando yake palikuwa na mabenchi ya akina mama wazee, wamekaa kwa kubanana, kila mmoja na kitabu chake cha benki ndani ya mfuko wa plastiki.

Rejani alisogea nyuma ya nguzo kungoja zamu. Sasi aliokota karatasi juu ya rundo, akaipungia hewani.

"Chellamma!"

Benchi zima likasimama.

Walisimama wote kwa pamoja, warefu kwa wafupi, mmoja na fimbo, mwingine akisaidiwa na mwenzake, kila mmoja akisema "Nipo." Sasi alijishika kiuno akacheka.

"Jamani, akina Chellamma, mmekuja na mkutano? Mimi namwita mmoja! Na benchi la nyuma pale msinicheke, akina Ponnamma, nawajua, zamu yenu inakuja. Lakini hebu niambieni, mwaka mliozaliwa ninyi, majina yalikuwa yameadimika?"

Baadhi walicheka naye, maana mtu akishika pesa yako unacheka naye. Rejani hakucheka. Alikuwa ameelewa, na alielewa yote kwa mara moja, pale pale, kabla hata hawajakaa.

Programu ile husoma orodha kwa kielekezi. Ni kama kidole cha mtu anayesoma majina kitabuni, kinashuka mstari baada ya mstari, kila kinapofika mtu analipwa. Zamani kielekezi kilishuka kutoka jina la kwanza hadi la mwisho kwa pumzi moja, na muda wote huo orodha ilikuwa imefungwa, hakuna karani aliyeweza kuigusa. Benki zikalalamika. Miezi miwili nyuma, Rejani aliibadilisha: programu ilipe kundi moja, isimame, ihifadhi, iwaachie wengine nafasi, kisha iendelee. Tatizo ni kwamba ukishahifadhi, kielekezi hufungwa, na kikifungwa hakikumbuki kilipokuwa. Lazima ukifungue upya na ukirudishe mahali pake kwa mkono wako. Naye alikirudisha vibaya. Aliiambia programu: anzia kwenye jina linalofuata baada ya jina la mwisho. Jina, si mtu. Basi kundi likikatikia kwa Chellamma mmoja, akina Chellamma wote waliokuwa nyuma yake walirukwa, na kidole kikatua kwa jina lingine kabisa, kikaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwishoni programu ilijumlisha iliowalipa, ikalinganisha na iliowasoma, hesabu ikafunga. Ingeachaje kufunga?

Kosa la mwanafunzi. Hakuijaribu programu hata mara moja kwa majina yanayofanana, yeye aliyekulia Kollam, mahali ambapo ukiita Chellamma sokoni unasimamisha biashara.

Benchi lilipokaa tena, alimwona mama mkwe wake. Alikuwa wa pili kutoka ukutani. Naye alikuwa amesimama, naye alikuwa amesema "Nipo," na Rejani hakuwa ameitofautisha sauti yake na za wenzake.

*

Alitoka nje akampigia bosi wake, Varkey.

"Rejani! Nimeshika upawa wa payasamu, uji mtamu wa sikukuu, hapa, mke wangu ananitazama vibaya. Sema upesi."

Alimweleza. Varkey akahamia chumba kingine, mlango ukasikika ukifungwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza, dada. Baada ya sikukuu tutarekebisha taratibu, tutawalipa na malimbikizo yao, tutasema ulikuwa mtandao wa benki. Kila mtu anaamini ubaya wa mtandao. Ukisema leo kwamba ni programu, mfuko utavunja mkataba nasi, na wa kwanza kutoka ni wewe, sikufichi."

"Ni Onam, bwana. Wamekaa hapa tangu asubuhi."

"Wazee wamezoea kungoja. Nenda nyumbani ukapike."

Alirudi ndani kwa sababu pochi yake ndogo aliiacha kando ya nguzo. Mama mmoja wa mwanzo wa benchi, mwenye vidole vyeusi vilivyokakamaa, alimshika ukingo wa sari.

"Mwanangu, nakufahamu sura. Wewe si wa ile ofisi ya mfuko? Uliwahi kuja na kompyuta kutuandikisha. Tuambie tu, tumefutwa? Kama tumefutwa tuondoke, jua kali."

Nyuso zote zikageuka. Chellamma pia aligeuka. Rejani alimtazama mama mkwe wake, Chellamma akamtazama yeye, na kati yao palikuwa na wanawake wote wale wanangoja neno.

"Hapana," Rejani alisema. "Umenifananisha. Nimekuja kwa shughuli zangu."

"Samahani, mwanangu. Macho yenyewe ndiyo haya."

Chellamma angeweza kusema neno moja tu pale, na benchi lingemla Rejani mzimamzima. Hakulisema. Aliinamisha uso, akaanza kuikunja na kuikunjua ile plastiki ya kitabu chake. Rejani alichukua pochi, akatoka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani na bajaji zote zikimpigia honi.

*

Chellamma alirudi alasiri. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari karibu na mlango, mdogo, kana kwamba anakwenda kulala usiku mmoja. Alikunywa maji, akakaa barazani kumngoja Sobha. Rejani alikuja akakaa sakafuni mbele yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Mama, ni mimi. Si mtandao. Niliibadilisha programu, nikakosea. Inawaruka watu wa jina moja. Wewe na wenzako wote mmerukwa, miezi yote miwili. Nisamehe kwa lile neno la jana. Na la leo pia."

Chellamma alikuwa akitazama njiani. "Kwa hiyo hukunifuta."

"Hapana! Mungu shahidi, sikukufuta. Sikujua hata kama ni wewe."

"Hukujua hata kama ni mimi," Chellamma alirudia, akatikisa kichwa. "Unajua, Rejani, mwezi mzima huu nilikuwa nahesabu makosa yangu. Nikasema, labda ni ile siku nilipovunja bakuli lake. Labda nakohoa sana, hapati usingizi. Labda akiniona mimi anamkumbuka Prakashan, inamuuma, anataka niondoke lakini anaona haya kusema. Nikasema kumbe huyu mtoto ananiwaza, hata kama ni kwa ubaya."

"Mama..."

"Kumbe hapakuwa na kitu."

Rejani alianza kulia. Hakulia kwa ustaarabu, alilia kwa kamasi, akaishika miguu ya yule mama. "Usiende. Nitagombana nao, watalipa, hata leo nitawalazimisha. Usiende, mama. Nitabaki na nani humu ndani?"

"Ulikuwa na nani jana?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Bajaji ilikata kona. Sobha aliteremka na maneno yake tayari mdomoni, lakini alipowaona jinsi walivyokaa aliyameza, akaubeba mfuko. Chellamma aliinuka kwa kujishikilia nguzo. Kabla ya kupanda aligeuka.

"Wale wengine," alisema, "yule uliyemwambia amekufananisha. Hana mtoto yule. Walipeni mapema."

*

Siku yenyewe ya Onam jua lilitoka safi. Kwa Omana watoto walitandaza maua barazani na kugombania rangi, redio ikaimba, harufu ya nazi na bizari ikapita juu ya ukuta. Omana aliita mara mbili, "Rejani, njoo ule, usijifanye mgeni!" Rejani akajibu atakuja, wala hakwenda. Jiko lake lilikuwa baridi.

Alikaa kwenye kompyuta akairekebisha programu. Halikuwa jambo kubwa. Kielekezi sasa kikifungwa kilirudishwa kwa jina pamoja na namba ya uanachama, na kwa kuwa namba hazifanani, kilitua kwa mtu yule yule aliyestahili kufuata, si kwa mwingine. Mistari michache tu. Aliijaribu, ikawa sawa, akampigia Varkey.

"Ama unaniidhinishia nitume malipo sasa hivi," alisema, "ama naandika barua kwa mfuko sasa hivi. Nimechoka, bwana. Chagua."

Varkey alilaani, akasema ameharibiwa sikukuu, akasema mwanamke huyu amerukwa na akili, mwishowe akaidhinisha. "Lakini maelezo utayaandika mwenyewe, kwa jina lako. Mimi sipo."

"Nitayaandika."

Alivuta orodha ya waliorukwa aipitie kabla ya kutuma. Aliwapita akina Ponnamma, na bado majina yalijaa kioo. Chellamma, Chellamma, Chellamma, kila mmoja na namba yake na kiwanda chake cha mwisho, na hapakuwa na zaidi ya hayo. Alitaka kumwona mmoja tu, ahakikishe yumo, ndipo atume. Akaanza juu akashuka. Akarudi juu. Kitabu cha benki kilikuwa Punalur ndani ya plastiki yake, namba hakuwahi kuiona, na kiwanda hakukijua. Alijua tu "kiwandani." Kila mara yule mama alipoanza, "Siku moja kule kiwandani," yeye alikuwa anavaa vile vidude vya kusikilizia masikioni.

Alipiga simu. Alipokea Sobha, nyuma yake kelele za watoto na masufuria.

"Wifi. Heri ya Onam. Ngoja nimpe."

"Mama, ulifanya kazi kiwanda gani?"

"Unauliza nini?"

"Nipo kwenye orodha, nakutafuta. Mko wengi. Sijui namba yako, wala kiwanda sikijui. Nataka nihakikishe umo."

Mtoto fulani alicheka karibu na simu, akafukuzwa.

"Miaka yote ile, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Niambie sasa. Niambie vyote, nasikiliza."

"Ah, usihangaike. Lipa akina Chellamma wote. Nami nitakuwa humo humo."

"Na utarudi lini?"

"Wameshapakua," Chellamma alisema. "Nakwenda kula." Simu ikakatika.

Rejani alibonyeza. Kielekezi kikaanza kushuka, Chellamma, Chellamma, Chellamma, mmoja mmoja, safari hii bila kumruka hata mmoja. Aliyatazama majina yote yakipita hadi la mwisho, na kwa kila moja alijiuliza kama ndiye.